Slim: wembamba wa kusifiwa

Slim ni kivumishi cha Kiingereza cha mtu mwembamba, lakini si kila mwembamba huitwa slim. Neno hili limebeba sifa: mwili hauna minofu ya ziada, na wembamba wenyewe unapendeza. Thin halisifu, mara nyingi lina wasiwasi kidogo, kama unapomwambia mtu "mbona umekonda?" naye akaanza kujitetea. Skinny ni kali zaidi, kimbaumbau hasa, ingawa likitajwa kwa suruali ya kubana halimuudhi mtu. Slender lina madaha, ndiyo maana waandishi hulipenda kwa shingo na vidole.

Simu, kitabu na pochi navyo huwa slim. Mchuzi mwepesi hauwi slim, wala hewa ya kilele cha mlima. Hivyo ni thin.

Neno likitoka kwenye umbo, sifa yote hupotea. Slim chance ni uwezekano mdogo mno, na slim majority ni ushindi wa tofauti ya kura chache. Kwa hiyo "she has a slim chance of winning" ni kusema kwamba kushinda kwake ni kwa bahati sana. Kichekesho ni kwamba fat chance, yenye neno la unene, nayo haina matumaini! Ila hiyo ni kejeli, sawa na kumwambia mtu "thubutu!" Daktari anaweza kutamka slim chance mbele ya ndugu wa mgonjwa, ile nyingine hathubutu.

Kiingereza kililichukua neno hili kutoka Kiholanzi katika karne ya 17, na asili yake haikuwa nzuri: lilihusu ubaya na hila. Kwa Waholanzi wa leo slim ni mtu mwerevu, ilhali ndugu yake wa Kijerumani, schlimm, bado ni "baya". Uganda nako, katika miaka ya 1980, watu waliuita UKIMWI "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na mwaka 1985 jina hilo likaingia katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Katika kulinganisha, m huongezwa: slimmer, slimmest. Uingereza, slimmer ni pia mtu anayejinyima chakula ili apungue. Kampuni ikitangaza kwamba ina-slim down, wafanyakazi wajue kuna watakaopunguzwa.