Sevdah haikuzaliwa na kodiani

Klipu ya sevdah, nyimbo za mapenzi na majonzi za Bosnia, imenifikia tena kwenye WhatsApp. Safari hii ni vijana wa Sarajevo wenye piano na dramu, na chini yake maneno yaleyale: "Wameiua sevdah, warudi kwenye asili." Ukimuuliza mtumaji asili ni ipi, anakuletea mwimbaji Safet Isović mbele ya okestra ya Radio Sarajevo, kodiani inalia, fidla zinaitikia. Basi leo nijibu kwa urefu, siku nyingine nitume kiungo tu. Na ijulikane kwamba kodiani ndiyo inayonilisha hapa Vienna. Anayetetewa ni mimi, na utetezi wenyewe siutaki.

Kodiani ilienea Bosnia chini ya utawala wa Austria na Hungaria, ulioingia mwaka 1878. Radio Sarajevo ilianza 1945. Sevdalinka, yaani nyimbo za sevdah, zilikuwapo muda mrefu kabla ya vyote viwili, katika miji ya enzi ya Waturuki, zikiimbwa kwa saz, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu, au kwa sauti tupu, mara nyingi na wanawake majumbani mwao, bila okestra wala jukwaa. Ile okestra ya redio ni usasa wa zama za Tito, mtawala wa Yugoslavia. Usasa mtamu, sikatai: Isović, Zaim Imamović, Nada Mamula, Zehra Deović, hao nikiwasikia naacha ninachofanya. Ila tusiwafanye mwanzo wa dunia.

Maneno nayo hayana ukale mnaoudhani. "Emina", unaoombwa kila tunapopiga, ni shairi la Aleksa Šantić, Mserbia wa Mostar, la mwaka 1902. Himzo Polovina, daktari wa magonjwa ya akili ambaye wengi wetu tunamjua kwa sauti yake tu, alipouimba alitia beti zinazosema mshairi amekufa na Emina naye amekufa. Sasa mtu ananiambia niupige "kama ulivyokuwa", huku ananionyesha rekodi yenye beti za msiba wa mtunzi mwenyewe! Na ule wa binti wa sultani na mtumwa kando ya chemchemi ni wa Heinrich Heine, Mjerumani. Ulifika kwa tafsiri, Wabosnia wakaupenda, ukawa wao. Hakuna aliyeibiwa.

Hayo ni mepesi. Linaloniudhi hasa ni kwamba walalamikaji wanakagua vyombo na kuacha kitu ambacho kweli kinaweza kuiua sevdalinka. Kitu hicho ni mwendo.

Kuna sevdalinka za mdundo, za kuchezeka. Hizo weka dramu, weka gitaa la umeme, hazidhuriki. Halafu kuna zile wanazoziita ravne. Hazina mdundo wa kuhesabika. Mwimbaji anashika silabi moja, anaizungusha, anaiteremsha taratibu, na anaikata pale pumzi yake inapotaka, hata kama mstari haujaisha. Kazi yangu hapo ni kukaribia kutofanya kitu. Mkono wa kushoto umeshika besi moja, mivukuto inasogea kidogo mno, macho yangu yako mabegani mwake. Mabega yakipanda anavuta pumzi, nami nina nafasi ya kujibu kwa noti nne tano hivi. Yakianza kushuka niwe nimeshanyamaza. Nikichelewa nimemkanyaga. Ukumbini huenda asijue mtu, lakini yeye atalegeza mstari unaofuata ili kunisubiri, na kuanzia hapo mimi ndiye ninayeimba.

Sasa chukua wimbo huo uutandikie mdundo wa kompyuta, sawasawa kama saa ya ukutani. Mwimbaji analazimika kutua pale hesabu inapotaka. Yale mazungusho, ambayo ndiyo wimbo wenyewe, yanageuka mapambo ya kubandika. Na hili linafanyika sana na kodiani mkononi! Mkahawa umejaa, kodiani inalia, wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika, na nyuma yake kinanda cha umeme kinapiga tu mdundo uleule uliohifadhiwa ndani yake kiwandani. Hapo silalamikiwi kabisa. Lakini Amira Medunjanin anapoimba na piano ya Bojan Z, mtu wa jazi, pumzi yake ikiongoza kila kidole cha yule bwana, huo ndio "uharibifu". Jamani.

Noti nizipitie haraka. Wapiga taarab mtaitambua hijazi, mojawapo ya ngazi za noti za Kiarabu, kwenye sevdalinka bila kufundishwa. Bashraf, kile kipande cha vyombo vitupu tunachopiga Unguja, ni ndugu wa peşrev ya hao Waturuki waliotawala Bosnia. Vifungo vya kodiani vina noti zilizokwisha kupimwa, na sauti ya katikati kama ile ya bayati, ngazi nyingine ya Kiarabu, haimo. Kwenye taarab udi na fidla hutuokoa. Kwa masikio yangu, kodiani ilivyotawala Bosnia, waimbaji wengi walizoea noti zake. Ndiyo maana Damir Imamović, mjukuu wa Zaim, alipomwalika Derya Türkan na kemenche yake, fidla ndogo ya Kituruki, kwenye albamu ya 2020, nilisikia wenzangu wakinung'unika kwamba anaingiza Uturuki. Kwani saz waliitoa wapi?

Wengine wamekwama kwenye magauni ya Božo Vrećo, mwimbaji wa kiume, na hawajamsikiliza hata ubeti mmoja. Nyimbo nyingi hizi ni maneno ya msichana, na wanaume wa redio wamevaa suti na tai wakayaimba bila kuulizwa. Fumba macho, msikilize anapoimba bila chombo chochote.

Hata hivyo, msimamo wangu una matundu. Nikisema ravne ziachiwe pumzi, ushahidi wangu ni upi? Rekodi za Sarajevo za mwaka 1907 ziko kwenye santuri zinazobeba dakika tatu hivi kila upande. Ukisikia mwimbaji anakimbia, alikimbia kwa sababu wimbo ulikwenda hivyo, au kwa sababu santuri ilikuwa inaisha? Huwezi kusema. Na polepole hii ninayoipigania, nashuku nyingine ni yetu wenyewe. Baada ya vita vya 1992 hadi 1995, kumbi za Ulaya zilitaka Bosnia yenye huzuni, sevdah ikauzwa kama "bluzi ya Balkan", na sisi tukajikuta tunavuta kila wimbo kama jeneza. Mostar Sevdah Reunion, kundi la mwaka 1998, lilifungua milango hiyo na nawashukuru, lakini wao pia walijua kuchangamka. Wapo wanaotaka tuimbe utani kwa machozi, kwa kuwa ndivyo wageni walivyozoea.

UNESCO nayo iliiingiza sevdalinka kwenye orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2024. Vizuri. Mazoezini hakuna kilichobadilika.

Linalonisumbua zaidi ni nyimbo mpya. Imamović anatunga zake. Albamu yake ya 2023 ilitengenezwa kuandamana na riwaya ya Aleksandar Hemon. Zimeshikwa kwa mkono uleule, zina pumzi ileile. Ni sevdalinka, au ni nyimbo za Damir? Mwimbaji wetu, aliyezipokea za zamani kutoka kwa nyanya yake, anasema zisubiri kwanza watu wamsahau mtunzi. Mimi nasema tukisubiri wote, nani ataziimba hadi asahaulike? Ijumaa tuna onyesho, moja nimeiweka kwenye orodha, yeye ameifuta, nami nimeirudisha.