Kuunganisha data za ugunduzi wa programu si kuzipakia tu

Katika ripoti nyingi za idara za TEHAMA huandikwa kwamba "data za ugunduzi zimeunganishwa na mfumo wa mali", na ukiuliza zimeunganishwaje, unaonyeshwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, linalopakiwa kila usiku. Ugunduzi wa programu ni kazi ya zana inayochunguza kompyuta na seva za taasisi, ama kwa programu wakala iliyosakinishwa ndani ya mashine ama kwa kuifikia mashine kupitia mtandao, na kuorodhesha programu inazozikuta humo. Mfumo wa usimamizi wa mali hutunza kumbukumbu za vifaa, wanaovitumia, mikataba na leseni. Kuunganisha viwili hivyo, hasa pale zana inapotoka kwa kampuni tofauti na ile iliyotengeneza mfumo, ni kuamua kila taarifa ya zana inahusu kumbukumbu ipi, na ipewe uzito gani ikipingana na iliyokuwapo. Kupakia faili hakuamui lolote kati ya hayo.

Zana ya ugunduzi ni shahidi: husema ilichokiona, mahali ilipoangalia, siku ilipopita. Kwenye Windows, kwa mfano, zana nyingi husoma rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo huo, katika sehemu iitwayo Uninstall, ambako kila mtengenezaji huandika jina na toleo la programu yake apendavyo. Wengine huingiza namba ya toleo ndani ya jina lenyewe, wengine huandika jina la kampuni kwa namna tatu tofauti, na programu za biti 32 zilizo kwenye Windows ya biti 64 huwekwa kwenye tawi jingine, WOW6432Node, ambalo zana isipolichungulia itatoa orodha pungufu. Programu iliyonakiliwa kama folda, bila kusakinishwa, haimo katika rejista kabisa. Kwenye Linux tatizo hugeuka, kwa kuwa dpkg na rpm, zana za mfumo huo za kusimamia vifurushi vya programu, huorodhesha mamia ya vifurushi ambavyo vingi ni maktaba tu, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingine, wala havihusiani na leseni yoyote iliyonunuliwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19770-2, kilichotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2015, kilikusudia mtengenezaji mwenyewe aambatishe lebo ya utambulisho kwenye programu yake, lakini si watengenezaji wote wanaofanya hivyo. Kwa sababu hiyo bado inahitajika orodha ya kusawazisha majina, yaani ya kuyarudisha majina mbalimbali ya programu moja kwenye jina moja, na mtu wa kuitunza.

Kusawazisha nako kunaweza kufuta kile kile kilichotafutwa. Kwa Java 8 ya kampuni ya Oracle, programu ambayo programu nyingine huitegemea ili ziendeshwe, toleo dogo la 202 la Januari 2019 lilikuwa la mwisho kutolewa chini ya masharti ya zamani, na kuanzia toleo la 211 la Aprili mwaka huo leseni ikabadilika. Orodha ya kusawazisha inayokata namba na kubakiza "Java 8" hupata jina safi na kupoteza tofauti pekee yenye gharama. Isitoshe, tangu Januari 2023 Oracle huuza usajili wa Java SE kwa idadi ya wafanyakazi wa taasisi, si kwa idadi ya mashine zilizosakinishwa, na idadi hiyo hakuna zana ya ugunduzi itakayoiona, kwa sababu iko kwa watu wa rasilimali watu.

Utambulisho wa kifaa hupewa muda mdogo kuliko unaostahili. Jina la mashine hubadilika mashine inaposakinishwa upya, na hapo kompyuta moja huhesabiwa kuwa mbili. Anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kiunganishi cha mtandao, ikiwa ni ya adapta ya USB huhama pamoja na adapta, na hapo kompyuta mbili huonekana kuwa moja. Namba ya mfululizo ndiyo afadhali, ila baadhi ya bodi kuu hutoka kiwandani na maneno ya kujazia nafasi badala ya namba, na mfumo ukiyakubali utalundika vifaa visivyohusiana kwenye kumbukumbu moja. Lazima kuwe na mpangilio wa vitambulisho vya kujaribu kwanza na vya kujaribu baadaye, pamoja na orodha ya thamani za kukataliwa.

Baada ya hapo ndipo huja swali la nani ana kauli. Zana inaweza kuaminiwa kuhusu toleo la programu na tarehe ya kuonekana mara ya mwisho. Haipaswi kugusa jina la mtumiaji aliyekabidhiwa kifaa wala bei ya ununuzi. Programu isipoonekana leo haimaanishi imeondolewa, kwani huenda kompyuta ilikuwa imezimwa, kwa hiyo upakiaji unaofuta kila kisichokuwamo kwenye faili la jana ni hatari sawa na ule unaoongeza tu bila kuondoa chochote.

Inayoniudhi zaidi, na naisema kwa upole, ni kauli kwamba zana "imeonyesha leseni zimezidi". Zana huonyesha usakinishaji. Haki ya kutumia imo kwenye mikataba na risiti, na ndiyo maana ina muundo wake wa kumbukumbu katika kiwango cha pekee, ISO/IEC 19770-3 cha mwaka 2016. Ziada au upungufu hujulikana pale pande hizo mbili zinapolinganishwa kwa kipimo kilichotajwa kwenye mkataba, kiwe mtumiaji, kifaa au kiini cha prosesa, na kwa mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva nyingine, kipimo hicho cha mwisho mara nyingi humlazimu mtu ajue seva halisi iliyozibeba.

Anayepakia faili kila usiku anaweza kuandika kwa haki kabisa kwamba mfumo wake unapokea data za ugunduzi. Neno "zimeunganishwa" angelisubirisha mpaka aweze kueleza, kwa mstari wowote atakaoonyeshwa, unahusu kifaa kipi, bidhaa ipi, na ni chanzo kipi kilichofuatwa pale vyanzo vilipotofautiana.