Je, wajua kwa nini ardhi inayokunywa maji haraka inaweza kukuharibia shimo la choo?

Ukijenga mahali ambapo bomba la maji taka halijafika, na vijiji vingi vinavyozunguka Moshi viko hivyo, maji yakitoka kwenye karo la choo lazima yanywewe na ardhi. Kujua kama itayanywa ni rahisi, au ndivyo nilivyodhani. Januari moja, kwenye kiwanja cha udongo mweusi njia ya kushukia Kahe, nilichimba kishimo cha kufika magotini, nikamwaga ndoo mbili. Maji yakatoweka nikiwa bado nimeshika ndoo. Nikachekelea, shimo kubwa la kupokea maji ya karo likachimbwa. Aprili, masika ilipokolea, shimo hilo lilijaa hadi juu na chooni maji yakaanza kurudi.

Kumbe nilikuwa nimepima nyufa, sikupima udongo. Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka, mwingine hadi mkono unaingia, na ndoo zangu zilitumbukia humo. Chukua chupa ya plastiki, itoboe chini, ishindilie maharage makavu. Mimina maji: yanapita tu. Sasa yaache maharage yalowe hadi asubuhi. Kila punje imevimba na kumkaba jirani yake, na glasi ya pili itachelewa sana kupita. Udongo wa mfinyanzi wa mbuga hufanya vivyo hivyo, ila kwa udogo usioonekana: chembe zake zimepangana kama kurasa za daftari, na maji huingia kati ya kurasa yakazitanua. Ndiyo maana shimo la kupimia hujazwa leo, likalala limelowa, kisha kipimo chenyewe kikafanyika kesho. Huo usiku mmoja ndio niliouruka. Hata hivyo kwa mbuga iliyokauka sana usiku mmoja huenda usitoshe, maana kuvimba kwake huweza kuchukua siku kadhaa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: kudhani kwamba kadiri ardhi inavyokunywa haraka ndivyo inavyofaa. Katika mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, unahesabu sekunde wakati maji yanashuka sentimita 15 katikati ya kishimo, unagawanya kwa milimita 150. Jibu linalokubalika ni kati ya 12 na 100, yaani maji yatumie kuanzia nusu saa hadi saa nne na dakika kumi. Kikomo cha juu nilikielewa. Cha chini kilinishangaza: ardhi yenye kiu kupita kiasi nayo inakataliwa!

Sababu ni kwamba udongo una kazi nyingine zaidi ya kupitisha. Pita soko la Memorial pale Moshi ukikimbia, hakuna atakayekuuzia kitu. Pita taratibu, kila kibanda kitakuvuta shati. Punje za udongo ni vibanda hivyo: vijidudu vya kinyesi hunata juu yake, na viumbe wadogo wanaoishi humo huvila, mradi kuna hewa na muda. Maji yakipita mbio kwenye changarawe au mwamba wenye nyufa, yanafika chini na uchafu wake wote.

Huku kwetu hilo si jambo la vitabuni. Mvua inayonyesha juu Kilimanjaro huzama kwenye miamba ya volkano iliyopasuka na kuibukia chini kama chemchemi, Chemka ikiwa mojawapo. Miongozo ya Sphere, inayotumika kwenye misaada ya dharura, inataka mita 30 kati ya shimo na kisima, na mita 1.5 kutoka kitako cha shimo hadi maji ya ardhini. Kwenye mwamba wa nyufa hata hizo 30 hazina uhakika.

Na hiyo mita 1.5 hupimwa maji yakiwa yamepanda, wakati sisi huchimba kiangazi. Bahati nzuri udongo huweka kumbukumbu. Pale maji yanapopanda na kushuka kila mwaka, chuma kilichomo huyeyuka hewa ikikosekana na kushika kutu hewa ikirudi, kikiacha madoa ya rangi ya machungwa kwenye udongo wa kijivu. Si ushahidi kamili, kwani madoa hubaki hata maji yakihama. Kwangu yalianzia usawa wa kiuno. Niliyaona siku shimo kubwa lilipochimbwa, nikadhani ni kutu ya sururu.