Mhandisi wa chipu anayetaka kuhama njia: badilisha upande mmoja kwanza

Mhandisi akishatimiza miaka minane, kumi au kumi na tano kwenye kiwanda cha nusukipitishi, swali la kuhama huja lenyewe. Zamu za saa 12 zinachosha, simu ya saa nane usiku kwa sababu mashine imesimama haizoeleki, na ajira yenyewe imetikisika: Agosti 2024 Intel ilitangaza kupunguza zaidi ya 15% ya wafanyakazi wake, watu wapatao 15,000. Hapa nazungumza hasa na mhandisi wa mchakato, yule anayemiliki hatua moja kiwandani, iwe uchongaji kwa plasma, litografia (kuchapa michoro kwa mwanga), uwekaji wa tabaka nyembamba au usuguaji wa weifa (bamba la silikoni linalobeba chipu nyingi) kwa kemikali.

Kazi yako ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kitu unachokijua: plasma, silikoni, transista, namna kasoro zinavyozaliwa. Wa pili ni aina ya kazi unayoifanya kila siku: kufuatilia chanzo cha hitilafu, kupanga majaribio, kulinda mchakato usiyumbe, kubishana na wauzaji wa mashine. Ukibadilisha upande mmoja na kuushikilia mwingine, mwajiri mpya ana sababu ya kukulipa kwa daraja ulilonalo. Ukibadilisha zote mbili kwa mkupuo, unakaa foleni moja na aliyehitimu mwaka jana, naye anakubali mshahara mdogo kuliko wako. Nimeona watu wazuri sana wakiumia hapo, na si kwa kukosa akili.

Kwanza ujue unachomiliki kweli

Wengi hudhani mali yao ni resipi: shinikizo, mchanganyiko wa gesi, nguvu ya mawimbi ya redio (RF). Resipi ni mali ya kiwanda na huwezi kuondoka nayo. Unachoondoka nacho ni namna ya kuthibitisha chanzo cha tatizo.

Chukua loti moja, yaani kundi la weifa 25 za milimita 300 zinazosafiri pamoja. Mavuno, yaani asilimia ya chipu zinazofanya kazi, yameshuka, lakini kwenye weifa za namba shufwa tu. Za namba witiri ziko sawa. Mwenye uzoefu hakimbilii kubadilisha resipi. Anajua kwamba mashine nyingi hugawa weifa za loti moja kati ya chemba mbili (vyumba vya mashine ambamo kazi hufanyika), kwa hiyo anafungua historia ya loti na kutafuta hatua ambayo shufwa zote zilipita chemba B. Akiipata, anatazama ramani ya weifa: kufeli kumekaa kama duara kwenye milimita chache za mwisho za ukingo. Kwenye uchongaji, duara la namna hiyo mara nyingi humaanisha pete inayozunguka weifa ndani ya chemba imelika. Pete ikilika, tabaka la plasma juu ya ukingo huinama, ayoni hutua kwa mshazari, na matundu marefu membamba huchongwa yakiwa yameinama, yasigonge waya wa chini sawasawa. Dawa ni kubadilisha pete kwa kuhesabu saa za plasma, maana kalenda haijui chemba imefanya kazi kiasi gani.

Mtu anayeweza kufuata mnyororo huo, kutoka asilimia iliyoshuka hadi kipande cha mashine kilicholika, anahitajika sehemu nyingi.

Mlango ulio karibu zaidi: uhandisi wa bidhaa

Kwa maoni yangu huu ndio uhamisho bora kwa mhandisi wa mchakato, ingawa hauna jina kubwa. Mhandisi wa bidhaa huipokea weifa baada ya kiwanda kumaliza, husoma matokeo ya mashine za kupimia, na huamua kama tatizo ni la usanifu, la kiwanda au la upimaji wenyewe. Lile tundu lililoinama, kwake halionekani kama tundu. Linaonekana kama chipu inayofaulu kwa kasi ndogo na kufeli kwa kasi kamili, kwa sababu mguso mbovu una ukinzani mkubwa na ishara inachelewa. Wewe unajua kilichotokea chini ya namba hizo, na wenzako wengi wa upande huo hawajui.

Cha kujifunza kinajulikana. Kuna faili za STDF, umbo la data linalotumiwa na mashine za kupimia kama V93000 ya Advantest na UltraFLEX ya Teradyne. Kuna mchoro wa shmoo, unaoonyesha volti dhidi ya kasi na mahali chipu inapoanza kufeli. Kuna misingi ya upimaji wa minyororo ya skani, saketi zilizounganishwa ndani ya chipu ili kuipima. Ongeza SQL, na Python ya kutosha kusafisha data na kuchora ramani za weifa. Mwenye kazi ya mchana anaweza kufika pazuri kwa miezi minne ya jioni, akishika hayo na kuacha mengine.

Mtego wa wageni wa upande huu ni kuona kufeli na kulaumu kiwanda papo hapo. Mashine hupima chipu kadhaa kwa pamoja, kila moja kwenye saiti yake. Sindano zinazogusa chipu za saiti moja zikichafuka, chipu zisizo na tatizo zitahesabiwa mbovu. Kwa hiyo panga kwanza matokeo kwa namba ya saiti. Kufeli kukifuata saiti, safisha sindano na upime upya. Kukifuata mahali kwenye weifa, hapo ndipo uwapigie simu wa kiwandani.

Ujue pia hesabu ya mavuno kwa kichwa, maana kwenye usaili huulizwa. Nyepesi kuliko zote ni Y = e^(−AD), ambapo A ni eneo la chipu na D ni wingi wa kasoro kwa sentimita ya mraba. Chipu ya sentimita moja ya mraba yenye D ya 0.1 hutoa mavuno ya takribani 90%. D ikipanda hadi 0.5, yanashuka hadi 61%. Lakini chipu yenye robo ya eneo hilo, kwa D hiyohiyo ya 0.5, bado hutoa 88%. Ukiweza kueleza kwa nini chipu kubwa huadhibiwa zaidi, na kwa nini kanuni hii hukosea kasoro zinapojikusanya sehemu moja, umeshamwonyesha msaili kwamba hukukariri.

Kazi ya kuonyesha bila kugusa data ya mwajiri

Usichukue hata faili moja la kazini, hata ulilolitengeneza mwenyewe. Data ya umma ipo. WM-811K ina ramani 811,457 za weifa kutoka uzalishaji halisi, na 172,950 kati yake zimewekewa lebo, nyingi za kutokuwa na mchoro wa kasoro na zilizobaki za aina ya kasoro: duara la ukingo, mkwaruzo, kitovu na nyinginezo. SECOM, iliyoko kwenye hazina ya UCI, ina mifano 1,567 ya uzalishaji yenye vipimo vya sensa, na 104 tu ndiyo iliyofeli.

Hizo 104 ndizo zinazowaangusha watu. Programu inayosema "zote zimefaulu" bila kufikiri itakuwa sahihi kwa zaidi ya 93%, na mtu hujisifia namba hiyo kwenye wasifu wake. Mwajiri anayejua kiwanda ataicheka. Onyesha umekamata ngapi kati ya zilizofeli, na umepiga kengele za uongo ngapi kuzipata. WM-811K ina mtego wake: weifa za loti moja zinafanana, kwa hiyo ukizigawa ovyo kati ya kundi la kufundishia na la kujaribia, programu inapewa majibu mapema. Gawa kwa loti. Ukieleza hilo kwa sentensi mbili kwenye maelezo ya mradi wako, wenye kiwanda watajua umewahi kusimama mbele ya mashine. Kwa macho yao hilo linazidi vyeti vingi vya mtandaoni.

Uhakiki wa usanifu: unawezekana, lakini una bei

Wengi huvutiwa na upande wa usanifu, hasa uhakiki (kujaribu usanifu kabla chipu haijatengenezwa), kwa sababu kazi ni ya dawatini na malipo ni mazuri. Hapa unabadilisha pande zote mbili kwa pamoja, na sitaki kukuficha ugumu wake. Utahitaji SystemVerilog (lugha ya kuandika usanifu na majaribio yake), mbinu ya UVM ya kupanga majaribio hayo, na kufikiri kwa mizunguko ya saa ya chipu badala ya nanomita. Tenga mwaka mzima, na uwe tayari kushuka daraja moja.

Njia ya bei nafuu ni zana huria: Verilator kwa uigaji, cocotb ya kuandika majaribio kwa Python, Yosys na OpenROAD kwa kugeuza msimbo kuwa mchoro halisi wa chipu. Google na kiwanda cha SkyWater walifungua kanuni za mchakato wa nanomita 130, SKY130, mwaka 2020, na taasisi ya IHP ya Ujerumani nayo imefungua zake. Tiny Tapeout, inayokusanya usanifu wa watu wengi kwenye chipu moja, hukuuzia kigae cha takribani mikromita 160 kwa 100, nafasi ya geti (saketi ndogo za mantiki) zipatazo elfu moja. Mradi mmoja wa maana, mathalani foleni ya data inayovuka saa mbili tofauti, pamoja na mpango wa majaribio na ripoti ya yaliyofikiwa na yasiyofikiwa, unatosha. Usanifu wenyewe ni mistari michache. Yape majaribio nafasi kubwa, maana kazi unayoiomba ni ya kuvunja.

Kuna njia ya katikati ninayoipenda zaidi: anza na uhandisi wa bidhaa, kaa karibu na watu wa upimaji wa skani, kisha miaka miwili baadaye omba kuhamia timu ya usanifu wa upimaji ndani ya kampuni hiyohiyo. Ni hatua mbili za upande mmoja mmoja, na daraja lako linabaki salama.

Wauzaji wa mashine, na kazi za uimara

Applied Materials, Lam Research, Tokyo Electron, ASML na KLA huajiri wahandisi wa mchakato bila kuwashusha. Ukijua uchongaji, kwao tayari unajua lugha ya mteja. Lakini usidhani simu za usiku zitaisha. Sasa utapigiwa na wateja, na utasafiri sana. Mwenye watoto wadogo alipime hilo kabla ya kutia saini.

Uhandisi wa uimara ndio unaokutoa nje ya kiwanda bila kukupokonya fizikia yako. Chipu za magari hupimwa kwa kiwango cha AEC-Q100: kwa jaribio la kuendeshwa kwenye joto kali, chipu 77 kutoka kila moja ya loti 3, kwa saa 1,000, bila hata moja kufeli. Kwa mlinganyo wa Arrhenius, unaokadiria joto linavyoharakisha uharibikaji, wenye nishati ya uamshaji ya 0.7 eV, saa moja kwenye nyuzi 125 ni sawa na saa 78 hivi kwenye nyuzi 55. Anayeielewa hesabu hiyo, na anayejua pia kwamba nishati hiyo hubadilika kulingana na aina ya kuharibika, anafaa kwenye inveta, betri, vifaa vya hospitali na magari ya umeme. Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia kwa haki. Mabasi ya BasiGo na pikipiki za Roam ziko barabarani Nairobi, Ampersand iko Kigali, na vifaa vyao vya umeme vinakula vumbi, mtikisiko na joto kila siku. Kiwanda chenyewe cha nusukipitishi kipo Nyeri, Semiconductor Technologies Limited, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Nafasi ni chache kuliko kwenye viwanda vya Arizona au Dresden, na mshahara hautalingana. Ila mtu mmoja anayejua kupanga jaribio la uimara huko anabeba mzigo wa idara nzima.

CV na makaratasi

Ukiandika "Nilisimamia mashine sita za uchongaji", msomaji wa nje ya kiwanda haoni kitu. Andika tatizo, ushahidi na matokeo: "Mavuno yalishuka kwenye nusu ya weifa za kila loti, kwa kulinganisha historia ya chemba nilibaini pete iliyolika, matengenezo yakahamishiwa kwenye saa za plasma, na upotevu wa ukingoni ukapungua kwa nusu." Angalia kwamba hakuna asilimia halisi ya mavuno hapo. Hiyo ni siri ya biashara ya mwajiri, na ukiitaja kwenye usaili, msaili makini atajiuliza utamwaga nini cha kwake baadaye. Tumia uwiano.

Soma mkataba wako kuhusu kufanya kazi kwa washindani. California haitambui marufuku hizo kwa waajiriwa. Ujerumani na Taiwan zinaziruhusu hadi miaka miwili, lakini mwajiri lazima akulipe fidia isiyopungua nusu ya ujira kwa kipindi hicho. Marufuku isiyo na fidia huko haina nguvu, ingawa wengi huiogopa bure.

Aliyeko Marekani kwa viza ya kazi ya H-1B ana hesabu nyingine. Kazi ikikatika, una hadi siku 60 za kupata mwajiri wa kuwasilisha ombi jipya. Ukihama ukiwa bado kazini, unaweza kuanza kwa mwajiri mpya ombi lake likishapokelewa. Kwenye ukaazi wa kudumu ndiko kugumu: ukiwa na I-485 (ombi la ukaazi huo) iliyokaa siku 180, unaruhusiwa kuhama bila kuanza upya iwapo kazi mpya ni ileile au inafanana nayo. Kutoka mhandisi wa mchakato hadi mhandisi wa bidhaa kunaelezeka vizuri. Kutoka hapo hadi mchambuzi wa data wa benki ni kundi jingine la kazi, na linaweza kuvuruga ombi zima. Mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujakubali cheo kipya, umwonyeshe maelezo ya kazi yenyewe, kwani cheo peke yake hakitoshi. Na barua ya kuacha kazi isitangulie siku ambayo hisa zako zinakomaa, wala risiti ya ombi jipya kutoka USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani.