Jumba la Makumbusho Likikarabatiwa, Anza na cha Kuondoa

Jumba kongwe la makumbusho na sanaa likifungwa kwa ukarabati, watu huuliza kitaongezwa nini: ukumbi mpya, lifti, mgahawa. Mimi ni mhifadhi wa majengo ya aina hiyo, na siku ya kwanza huzunguka nikitafuta cha kuondoa.

Chukua Rijksmuseum, jumba la makumbusho la taifa la Uholanzi lililoko Amsterdam, jengo lililobuniwa na msanifu Pierre Cuypers na kufunguliwa mwaka 1885. Lilikuwa na nyua mbili za ndani za kuingiza mwanga. Nafasi ilipobana katika karne ya 20, nyua zikajazwa vyumba, na nakshi za Cuypers ukutani zikafunikwa kwa rangi nyeupe. Ukarabati uliokamilika mwaka 2013 ulivibomoa vyumba vile na kuzirudisha nakshi. (Njia ya baiskeli inayopita chini ya jengo ilikusudiwa kuwekwa lango kuu, waendesha baiskeli wakapinga, mpango ukabadilishwa. Niko upande wao.)

Kuna pia paa za vioo. Kumbi nyingi za picha zilijengwa hivyo kabla ya taa za umeme, kisha zikazibwa kwa dari za chini. Kuzizibua ni raha, ila mwanga hufifisha rangi: picha ya rangi za maji haipaswi kupata zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na ya rangi za mafuta takriban 200. Kwa hiyo kioo huwekewa chujio la miale ya urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na mapazia ya kupunguza jua.

Kinachonikosesha usingizi, hata hivyo, ni saruji. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa. Fundi aliyekuja baadaye akaona plasta imechakaa, akapiga saruji juu yake. Maji yakakosa pa kutokea, chumvi ikaganda nyuma ya plasta, na plasta ikavimba na kubanduka palepale picha ziliponing'inia. Mwenye jumba akalaumu paa.

Dawa ni kuibandua saruji yote kwa patasi na nyundo, taratibu, kisha kupiga plasta ya chokaa na kuuacha ukuta ukauke. Ukuta mnene huchukua miezi mingi. Wakati huo tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa, na msimamizi wa mradi ananipigia simu kila Jumatatu. Namsomea kipimo cha unyevu cha wiki hiyo. Picha bado zimo ghalani.