Sumukuvu na saratani ya ini: maswali ya walaji wa ugali na karanga

Sumukuvu ndiyo ule ukungu wa kijani kwenye mahindi?

Hapana. Ukungu ni fangasi. Sumukuvu ni kemikali anayoitoa. Fangasi anayetusumbua zaidi huitwa *Aspergillus flavus*. Anaishi udongoni na huanza kuvamia mahindi na karanga zikiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame. Sumu yake kuu ni aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho wala haina harufu, kwa hiyo punje inayong'aa nayo yaweza kuwa na sumu. Dunia iliishtukia mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga.

Inaletaje saratani?

Ini, katika kuhangaika kuivunja, huigeuza kuwa kali zaidi. Hapo hunata kwenye vinasaba vya seli na mara nyingi huharibu kile kinachozuia seli kuzaliana ovyo. Hilo huchukua miaka mingi ya kula kidogo kidogo.

Mwenye virusi vya homa ya ini B yuko pabaya zaidi. Utafiti wa wanaume zaidi ya 18,000 huko Shanghai ulionyesha kuwa waliokutwa na dalili za sumukuvu kwenye mkojo walikuwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara 3 ya wengine. Wenye virusi peke yake, mara 7. Wenye vyote viwili, karibu mara 60. Ndiyo maana kwangu chanjo ya homa ya ini B, ile anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, ni kinga dhidi ya sumukuvu pia. Mtu mzima ambaye hajawahi kupima, apime.

Nikipika sana si itakufa?

Haifi kwa sababu haijawahi kuwa hai. Moto unaua fangasi, lakini sumu aliyoiacha inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200, na sufuria ya ugali haifiki huko. Kinachosaidia ni kazi ya kabla ya kupika: kuchambua, kupeta, kuondoa punje zilizovunjika au kubadilika rangi, na kukoboa, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Inaniuma kulisema hili mbele ya wapenzi wa dona, lakini dona ya mahindi yaliyovunda ni mbaya kuliko sembe yake. Kula dona, ila ujue mahindi yalikaushwaje.

Na yale mabovu yasipelekwe kwa mama wa pombe, wala pumba zake zisipewe ng'ombe: sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa.

Nikiivuta kwa pumzi je?

Vumbi la mashine ya kusaga au ghala la karanga hubeba sumu hiyo, hivyo anayeshinda humo avae barakoa. Ukungu wa ukuta wenye unyevu ni jambo jingine: huchochea pumu na mzio, lakini haujathibitishwa kuleta saratani.

Dalili zake zikoje?

Ukila kidogo kidogo, hakuna. Ukila nyingi kwa mpigo, ni macho ya manjano, tumbo kujaa maji na kutapika. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, waliugua watu 317 na 125 wakafa. Mwaka 2016 vifo vikatokea Dodoma na Manyara.

Nitajuaje mahindi yamekauka?

Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si udongoni. Kisha tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani. Yakikauka, mifuko isiyopitisha hewa ni bora kuliko gunia.

Na uji wa lishe?

Angalia sana hapa. Mahindi na karanga, mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu, tunayachanganya na kumpa mtoto kila siku. Badilisha: ulezi, mchele, mtama. Karanga utie chache, ulizochambua mwenyewe moja moja.

Nimetafuna karanga chungu, nifanyeje?

Tema. Uchungu huo ni wa mafuta yaliyooza, si wa sumukuvu yenyewe, lakini viwili hivyo hupenda kukaa pamoja. Sukutua, na fungu lililobaki lichambue upya.