Dawa za kusukuma chakula tumboni sio za kumeza miezi na miezi

Mtu akisikia kiungulia au tumbo limejaa anaenda duka la dawa anasema nipe kitu cha tumbo, anapewa vidonge, vikiisha anarudi kuchukua vingine na hakuna anayemuuliza. Mimi kama mfamasia zinazonitia wasiwasi zaidi ni metoklopramidi na domperidoni, zile za kusukuma chakula.

Hizi hazipunguzi asidi, hiyo ni kazi ya omeprazoli na wenzake. Zenyewe zinalifanya tumbo likamue chakula kishuke kwenye utumbo mapema, pia zinasaidia ule mlango wa chini wa umio ubane, ndio maana zinamfaa zaidi mtu anayeshiba kabla hajala chochote cha maana, chakula kinakaa masaa na kichefuchefu juu. Kama shida yako ni moto wa kifuani peke yake basi mara nyingi sio dawa yako ya kwanza kabisa.

Metoklopramidi inaingia mpaka kwenye ubongo. Kuna wanaopata usingizi au kutotulia, na wengine, hasa watoto na vijana, shingo inapinda, taya linakaza, macho yanageuka juu, familia nzima inahaha. Ukiimeza muda mrefu midomo na ulimi vinaweza kuanza kuchezacheza vyenyewe na hali hiyo isiishe hata ukiacha dawa. Ndio sababu Marekani mwaka 2009 waliweka onyo kali isizidi wiki 12, na Ulaya 2013 wakabana zaidi, siku 5 tu na isipite mg 30 kwa siku kwa mtu mzima. Mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa, asiiguse.

Domperidoni haifiki sana kwenye ubongo kwa hiyo watu wanaiona salama, ila yenyewe inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa ukiwa na zaidi ya miaka 60, una ugonjwa wa moyo au unatumia pamoja na erithromisini (antibiotiki) au ketokonazoli (ya fangasi), kwa hiyo tafadhali taja kila dawa unayomeza hata ya fangasi. Ulaya tangu 2014 ni mg 10 isizidi mara 3 kwa siku, na kawaida isipite wiki moja. Zote mbili zinaweza kumtoa mtu maziwa bila kunyonyesha au kukatisha hedhi, sio umerogwa, ni dawa.

Domperidoni meza kama nusu saa kabla ya kula, na dawa ya kuzima asidi iache mpaka umalize kula maana inazuia domperidoni isifyonzwe vizuri.

Ila ukiona unatapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kinakwama ukimeza, unakonda bila sababu au tumbo limevimba na hutoi hata hewa, usinunue kidonge chochote, nenda hospitali siku hiyohiyo.